Kompyuta Inayochelewa Kuwaka na Programu Zinazojiwasha Zenyewe

Kompyuta yenye Windows ikiwashwa, kazi haiishii pale picha na alama zinapotokea kwenye kioo. Nyuma ya picha hiyo mfumo bado unapitia orodha ya maagizo, na kila agizo linaita programu fulani ianze. Baadhi ya programu hizo ni za lazima, kama za sauti, za kioo na za kuzuia virusi. Baadhi zilijiandikisha zenyewe siku zilipowekwa, ingawa mwenye kompyuta hakuwahi kuzihitaji zianze kila asubuhi. Baadhi ni virusi. Kompyuta ya nyumbani iliyotumika miaka kumi ikishakusanya maagizo ya aina zote tatu, kuwaka kwake kunageuka kuwa kungoja: feni inavuma, taa ya hadi diski haipumziki, na folda ikibofywa haifunguki mpaka zipite dakika kadhaa.

Agizo la kuwasha si programu yenyewe. Ni mstari mmoja wa maandishi unaotaja jina la programu na mahali faili lake lilipo. Mkulima wa korosho wa Newala au Masasi, kusini mwa Tanzania, anaujua utaratibu huo kwa njia nyingine: stakabadhi ya ghala inaonyesha mzigo ni wa nani na uko wapi, lakini stakabadhi si korosho. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote ya kusafisha. Faili linaweza kufutwa agizo likabaki, na hapo kompyuta itatoa ujumbe wa kosa kila inapowaka. Agizo nalo linaweza kufutwa faili likabaki, na kama faili hilo ni kirusi ambacho bado kinafanya kazi, kitaliandika agizo upya papo hapo.

Kompyuta ya zamani huumia zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hadi diski ya kuzunguka. Hata ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika husoma kwa kichwa kinachosogea huku na huko, na kwa mafaili madogo yaliyotawanyika hutimiza maombi yapatayo mia moja tu kwa sekunde. Programu ishirini zikianza kwa pamoja, kila moja ikiomba mafaili yake, foleni inajengeka. Ya pili ni ramu. Windows 7 ya biti 32 huhitaji angalau GB 1 na ile ya biti 64 GB 2, na kompyuta nyingi za mtumba zina kiasi hicho hicho bila ziada. Ramu ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye hadi diski, ile ile iliyokwisha kulemewa.

Masasi na Newala zina sababu zao za kulijua tatizo hili. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji. Sehemu zote mbili, kompyuta nyingi za kwanza za nyumbani na za ofisi ndogo zilikuwa za mtumba, zilizokwisha kutumika katika ofisi za nje kabla ya kupita Dar es Salaam. Zilifika zikiwa na Windows XP, baadaye Windows 7, mara nyingi nakala isiyo na leseni iliyowekwa na fundi kutoka kwenye CD moja inayozunguka. Na kwa muda mrefu zilifanya kazi bila intaneti. Tanzania ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, ukifuatwa na EASSy mwaka 2010. Kutoka pwani hiyo mpaka kwenye nyumba ya mwalimu wa Kitangari, wilayani Newala, kulikuwa bado na safari.

Kompyuta isiyo na intaneti huonekana kuwa salama, lakini haikuwa hivyo. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft walitoa marekebisho ya haraka ya tundu moja la usalama katika Windows. Mwezi Novemba mwaka huo huo kirusi kilichoitwa Conficker kikaanza kulitumia tundu hilo duniani kote, na matoleo yake yaliyofuata yakajifunza kusafiri kwa flashi. Kompyuta iliyounganishwa ilikuwa na nafasi ya kupata dawa kabla ya ugonjwa. Isiyounganishwa ilipata ugonjwa kwa flashi, na dawa haikufika kamwe.

Flashi ndiyo barabara kuu hadi leo. Mtu anaandika barua ya maombi ya kazi nyumbani, anaipeleka steshenari mjini ikachapwe. Karani wa chama cha msingi cha ushirika anabeba orodha ya wakulima. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu anabeba ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Kijana anapeleka flashi ajaziwe nyimbo na filamu. Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za watu wengi kwa siku, na msimu wa korosho unapofunguka kuanzia Oktoba, fedha zinapoingia na shughuli za minada zikipamba moto, inapokea nyingi zaidi. Kirusi kimoja kikishajiandikisha kwenye orodha ya kuwashia ya kompyuta hiyo, kila flashi inayochomekwa inaondoka nacho.

Maagizo ya kuwasha hukaa mahali kadhaa, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa husafisha mahali pamoja wakaacha pengine. Mahali pa wazi kabisa ni folda iitwayo Startup, ambayo katika Windows XP na 7 huonekana kwenye menyu ya Start chini ya orodha ya programu zote. Katika Windows 10 hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika shell:startup. Chochote kilichomo humo huanza mtumiaji anapoingia. Mahali panapotumika zaidi ni ndani ya Rejista, daftari kuu la mipangilio ya Windows, kwenye tawi liitwalo Run. Matawi hayo ni mawili: moja chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, kwa ajili ya kila anayetumia kompyuta, na moja chini ya HKEY_CURRENT_USER, kwa ajili ya mtumiaji mmoja. Zaidi ya hapo kuna huduma, ambazo huanza hata kabla mtu hajaingia, na kuna ratiba ya kazi, inayoweza kuamuru programu ianze kila saa au kila kompyuta inapowaka. Virusi vya miaka ya karibuni, na vile vifaa vya kuvunja leseni ya Windows, hupenda ratiba hiyo kwa sababu watu wachache huifungua.

Orodha husomwa kwa chombo kilichomo ndani ya Windows yenyewe. Katika Windows XP na 7, hubonyezwa kitufe cha Windows na R, ikaandikwa msconfig, kisha kikafunguliwa kichupo cha Startup. Kuanzia Windows 8 orodha hiyo ilihamishiwa kwenye Task Manager, inayofunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Anayetaka kuona maagizo yote mahali pamoja, yakiwemo ya huduma na ya ratiba, hutumia programu ya bure iitwayo Autoruns. Iliandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Haihitaji kusakinishwa, na inaweza kubebwa kwenye flashi, ingawa XP huhitaji toleo lake la zamani. Mstari wake wa rangi ya njano maana yake ni kwamba agizo lipo lakini faili halionekani. Wa rangi ya waridi maana yake ni kwamba faili halina saini ya kuaminika ya mtengenezaji.

Kosa la kawaida katika kusoma orodha ni kuhukumu kwa jina. Jina ni kitu cha kwanza ambacho mtunzi wa kirusi hukiiga. Faili la svchost.exe ni la Windows na kompyuta huwa nayo mengi yakifanya kazi kwa wakati mmoja, lakini scvhost.exe, herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, limewahi kuwa jina la kirusi. Hata jina lililoandikwa sawasawa halitoshi. Svchost.exe halali hukaa katika C:\Windows\System32, na explorer.exe halali hukaa katika C:\Windows. Likionekana svchost.exe ndani ya folda ya Temp, au AppData, au kwenye flashi, hilo si la Windows hata jina likiwa sahihi herufi kwa herufi. Kwa hiyo kinachosomwa kwanza ni njia ya faili, kisha mtengenezaji, na jina mwishoni. Katika msconfig ya Windows 7 safu hizo zimeandikwa Command na Manufacturer, na mara nyingi dirisha huwa dogo hata njia ikakatika katikati. Inabidi mpaka wa safu uvutwe kwa mausi mpaka yote ionekane.

Baada ya hapo maagizo hujigawa yenyewe katika makundi, la kwanza likiwa la vifaa vya kompyuta. Kwenye kompyuta ya zamani yenye chipu ya picha ya Intel huonekana igfxtray, hkcmd na igfxpers. Ni halali, na yakizimwa kioo kitaendelea kufanya kazi. Kinachopotea ni njia za mkato za kibodi na alama karibu na saa. Ya Realtek ni ya sauti, na SynTPEnh ni ya kile kibamba cha kusogezea mshale kwenye laptopu, ambacho mtu hataki kukikosa. Ctfmon katika XP ni ya lugha na kibodi. Kundi la pili ni la programu za kweli zisizo na sababu ya kuanza mapema: ya Adobe Reader inayojiandaa ili PDF ifunguke haraka, ya Java inayotafuta matoleo mapya, ya QuickTime, ya printa iliyokwisha kuuzwa zamani, Skype. Hizi zikizimwa kwenye orodha hazipotei. Zinasubiri tu kuitwa.

Modemu za USB zinastahili kutajwa peke yake. Kabla simu haijawa chanzo cha intaneti cha kila mtu, kompyuta nyingi za kusini ziliunganishwa kwa modemu ndogo ya Huawei iliyoleta programu yake, Mobile Partner, na pembeni yake programu nyingine ya kutafuta matoleo mapya. Aliyetumia mitandao mitatu kwa nyakati tofauti ana seti tatu za programu hizo, zote zikiamka kila siku kutafuta modemu ambazo hazichomekwi tena. Kwa hizi haitoshi kuzima agizo. Inafaa programu zenyewe ziondolewe kupitia Control Panel.

Kuzima na kufuta ni vitu viwili, na kwa asiye fundi kuzima ndiyo njia ya kufuata. Alama ya tiki ikiondolewa katika msconfig ya Windows 7, agizo halipotei: huhamishiwa kando ndani ya Rejista na linaweza kurudishwa. Vivyo hivyo kwa Disable ya Task Manager. Maagizo yanazimwa mawili au matatu kwa wakati, kompyuta inawashwa upya, inatumika siku moja. Sauti ikiwepo, printa ikichapa, intaneti ikifunguka, yanazimwa mengine. Aliyezima kila kitu kwa mkupuo mmoja kisha printa ikagoma hajui arudishe lipi. Katika Windows 8 na 10 jaribio lifanywe kwa Restart, si kwa kuzima na kuwasha, kwa kuwa matoleo hayo yanapozimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye hadi diski na kuirudisha ilivyo. Upande wa huduma unahitaji uangalifu zaidi. Kichupo cha Services katika msconfig kina kisanduku cha kuficha huduma zote za Microsoft. Kitiwe tiki kwanza, na zinazobaki ndizo za kuchunguza.

Ujumbe unaotokea kila kompyuta inapowaka, ukisema kwamba faili fulani halikupatikana, huwatisha watu kuliko unavyostahili. Mara nyingi ni habari njema. Programu ya kuzuia virusi ilikikamata kirusi na kulifuta faili lake, lakini haikuligusa agizo. Windows inafuata agizo, haikuti kitu, inalalamika. Kama ujumbe unataja Windows Script Host, faili lililofutwa lilikuwa la maandishi ya amri, kwa kawaida lenye jina linaloishia na vbs au js. Kama unataja RunDLL, lilikuwa la aina ya dll, na linaweza kuwa kirusi au kibandiko cha kivinjari kilichoondolewa nusunusu. Dawa yake ni kulinakili jina la faili kama lilivyo kwenye ujumbe, kulitafuta kwenye orodha ya kuwashia, na kuliondoa agizo hilo tu. Kwenye Autoruns litakuwa la njano. Asiyejua jambo hili huenda kwa fundi akaambiwa kompyuta ipigwe Windows upya, akalipa, na pengine akapoteza nyaraka zake, kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi.

Ugonjwa unaohitaji maelezo marefu ni ule wa shotikati, yaani njia za mkato. Dalili yake inajulikana na kila steshenari: flashi inafunguliwa, na kila folda imegeuka kuwa alama yenye mshale mdogo pembeni. Mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha kwa kuyapa sifa za mafaili ya siri na ya mfumo, kisha kimetengeneza njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya njia hiyo anaamuru mambo mawili kwa pamoja: kirusi kianze, na folda halisi ifunguke. Kwa kuwa folda inafunguka kama kawaida, hakuna anayeshtuka. Sekunde hiyo hiyo kirusi kinajinakili ndani ya AppData au Temp ya kompyuta, kinajiandika kwenye tawi la Run, mara nyingi na kwenye folda ya Startup pia, na kinakaa kikisubiri flashi nyingine. Chombo kinachokiendesha ni wscript.exe, programu halali ya Windows, na hiyo ndiyo sababu anayetazama mtengenezaji peke yake huona jina la Microsoft na kupita. Njia kamili ya agizo ndiyo hukifichua kirusi, kwa sababu baada ya wscript.exe hufuata jina la faili la vbs lililoko kwenye AppData.

Familia iliyoenea zaidi ya virusi hivi Microsoft waliiita Jenxcus, na mwaka 2014 walikwenda mahakamani Marekani ili kuvikatia mawasiliano na wenyewe. Maana kirusi hicho hakikuishia kuficha mafaili. Kilimfungulia mtu wa mbali mlango wa kuiendesha kompyuta, na kwenye kompyuta ambako watu hujaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira, wakiandika namba za vitambulisho na nywila zao, huo ni mlango mbaya sana kuachwa wazi.

Kukiondoa kunataka mpangilio, na mpangilio ukikosewa kinarudi. Flashi zote zinachomolewa kwanza. Kisha kirusi kinasimamishwa: katika Task Manager, kwenye orodha ya michakato, kila wscript.exe inachaguliwa na kukomeshwa. Hatua hii ikirukwa, agizo litakalofutwa litaandikwa upya wakati mtu bado anatazama kioo. Kinachofuata ni kuliondoa agizo kwenye Run na kwenye folda ya Startup, kisha kulifuta faili lenyewe mahali ambapo njia ya agizo ilipataja; mafaili yaliyofichwa yaruhusiwe kuonekana kwanza kupitia mipangilio ya folda. Kompyuta inawashwa upya na orodha inaangaliwa tena. Ikiwa safi, ndipo flashi inachomekwa, bila kubofya chochote ndani yake. Kama flashi imepewa herufi E, linafunguliwa dirisha la amri la cmd na kuandikwa:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa sifa za kuficha, na folda halisi zinarudi kuonekana. Herufi ihakikiwe kabla ya kubonyeza Enter, kwa kuwa kwenye C amri hiyo ingefichua mafaili ya Windows ambayo hayapaswi kuguswa. Baada ya hapo njia za mkato na faili la vbs hufutwa kwenye flashi. Watu wengi hufomati flashi wakidhani mafaili yamekwisha kupotea. Kuna ripoti za vyuo na kumbukumbu za vikundi zilizofutwa hivyo na wenyewe, zikiwa zimefichwa tu.

Aina ya zamani zaidi ya virusi vya flashi ilitumia faili la autorun.inf, lililoiamuru Windows iendeshe kirusi flashi inapochomekwa au kubofywa mara mbili. Windows 7 ilikataa amri hizo za flashi tangu mwanzo, na mwezi Februari 2011 Microsoft waliisambaza kinga hiyo hiyo kwa XP na Vista kwa njia ya intaneti. XP ambayo haikuunganishwa imebaki bila kinga hiyo mpaka leo, na zipo bado, hasa pale ambapo programu ya zamani ya kazi au printa ya zamani haikubali kitu kingine.

Virusi vingine hujilinda. Task Manager inakataa kufunguka na kusema imefungwa na msimamizi, Rejista nayo vivyo hivyo, au mipangilio ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa inajirudisha yenyewe. Hapo kompyuta huwashwa katika hali salama, ambayo huruka sehemu kubwa ya maagizo ya kuwasha: katika XP na 7 hubonyezwa F8 mfululizo kabla alama ya Windows haijatokea, na katika Windows 10 hushikiliwa Shift wakati wa kubofya Restart. Kisanduku cha Safe boot kilichomo kwenye msconfig kisitumiwe kwa kazi hii. Kirusi kama Sality hufuta matawi ya Rejista yanayowezesha hali salama, na kompyuta iliyolazimishwa kuwakia humo peke yake huzunguka ikijiwasha na kujizima bila kutoka. Kwa F8 mtu anaweza kurudi kwenye hali ya kawaida akajaribu njia nyingine.

Liko pia agizo moja la hatari liitwalo Userinit, ambalo ndilo humwingiza mtumiaji kwenye kompyuta yake. Thamani yake halali ni C:\Windows\system32\userinit.exe ikifuatwa na mkato. Virusi hujiongeza baada ya mkato huo, au huiondoa kabisa thamani halali na kukaa mahali pake. Programu ya kuzuia virusi ikifuta faili la kirusi pasipo kulirekebisha agizo, mtumiaji huandika nywila, huona ameingia, na papo hapo hutolewa nje. Agizo hili halizimwi wala halifutwi. Hurekebishwa, na ni kazi ya fundi mwenye kuijua Rejista.

Maagizo yasiyotakiwa yana gharama nyingine isiyoonekana kwenye kasi. Wengi sasa huunganisha kompyuta kwa simu, na bando la siku linaisha kabla barua pepe haijafunguliwa. Waliolila ni wale wale wa kwenye orodha: OneDrive, vitafuta matoleo mapya vya programu tano, na kile cha kupakua filamu kinachoanza kila kompyuta inapowaka. Katika Windows 10, pamoja na kuyazima maagizo hayo, mtandao wa simu unaweza kuwekewa alama ya metered kwenye mipangilio yake, na Windows itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake wenyewe. Si busara kuuahirisha moja kwa moja, kwa sababu marekebisho ya usalama ni sehemu ya upakuaji huo; yapakuliwe penye intaneti ya bei nafuu.

Kuna hali ambamo kupiga Windows upya ndiyo tiba sahihi. Sality, kwa mfano, hujipachika ndani ya mafaili ya programu nyingine, na kuisafisha orodha ya kuwashia hakusaidii kitu wakati kila programu inayofunguliwa imeambukizwa. Kabla ya kazi hiyo nyaraka, picha na orodha za kazi hunakiliwa kwenye diski nyingine. Mafaili yanayoishia na exe yasinakiliwe, hata kama ni vifungasho vya programu vinavyopendwa. Windows inayowekwa nayo iangaliwe. Nakala zilizovunjwa leseni huja na kifaa chake kwenye ratiba ya kazi, na kompyuta hutoka kwa fundi ikiwa tayari na agizo la kwanza lisilojulikana ndani yake. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na uungaji mkono wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine isiyobeba matoleo mapya, Linux nyepesi ni chaguo la kweli kwa kuandika, kusoma PDF na intaneti, na virusi vya shotikati vilivyoelezwa hapa haviwezi kujiandikisha ndani yake.

Orodha ikiwa safi na kompyuta bado inasuasua, tatizo limetoka nje ya programu. Umeme unaokatika ghafla huacha mafaili nusunusu kwenye hadi diski, na amri ya chkdsk ndiyo huyapitia na kuyarekebisha. Ikirudi kuripoti sehemu mbovu mpya kila mara, hadi diski inakufa na nyaraka zihamishwe siku hiyo hiyo. Saa inayorudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika ni dalili ya betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu, na saa ikiwa si sahihi tovuti nyingi hukataa kufunguka na programu ya kuzuia virusi hushindwa kujisasisha, hali ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa kirusi. Ramu ya kuongeza husaidia pale iliyopo ni chini ya GB 4. Kinachobadilisha kasi kuliko vyote ni kuiondoa hadi diski ya kuzunguka na kuweka SSD ya SATA, ambayo huingia kwenye kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2000. Ile ya zamani, kama bado nzima, huwekwa kwenye kasha la USB na kutumika kuhifadhia nakala za nyaraka, ikichomekwa siku ya kunakili tu.